Damu, Maji na Uzito: Uhakiki wa Maana na Matumizi ya Methali ya Kiingereza katika Kiswahili

Ikisiri

Methali ya Kiingereza "Blood is thicker than water" imezoeleka katika Kiswahili kwa umbo la "Damu nzito kuliko maji". Katika miaka ya karibuni yameenea madai kwamba maana ya asili ya methali hiyo ni kinyume cha ile inayofahamika, yaani kwamba damu ya agano ni nzito kuliko maji ya tumbo la uzazi. Makala haya yanapima madai hayo kwa ushahidi wa kimaandishi, kisha yanachunguza yanayoipata methali inapoingia katika mfumo wa maana wa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba madai ya agano hayana msingi wa kihistoria, na kwamba msomaji wa Kiswahili hayahitaji. Methali ya Kiingereza inauweka udugu katika dutu, ilhali semi za Kiswahili zilizokomaa zaidi zinauweka katika tendo. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwashughulisha mfasiri, mwalimu na mhakiki.

1.0 Utangulizi

Methali inapovuka mpaka wa lugha, maneno yake hutafsirika kwa urahisi kuliko mizani yake. Kwa mizani hapa inakusudiwa vile vitu viwili vinavyolinganishwa pamoja na sababu ya kuvilinganisha. Anayesema kwa Kiswahili kwamba damu ni nzito kuliko maji ametumia maneno manne ambayo hayana ugumu wowote. Hata hivyo, akiulizwa maji hayo ni nani, huenda asiwe na jibu la haraka. Damu anaijua: ni ndugu, jamaa, watu wa ukoo. Maji yamebaki upande wa pili wa mizani bila jina.

Pengo hilo ndilo lililotoa nafasi kwa ufafanuzi mpya. Unasimuliwa katika mihadhara ya dini na katika mazungumzo ya wanafunzi, na umeanza kuingia katika maandishi ya kitaaluma, kwamba methali hiyo ilikatwa. Kwamba hapo kale ilizungumzia damu ya agano na maji ya tumbo la uzazi. Na kwamba kwa hiyo ilimaanisha kuwa udugu wa hiari huushinda udugu wa kuzaliwa. Ufafanuzi huo unavutia kwa sababu unayapa maji jina. Swali la kwanza kwa mtaalamu, hata hivyo, ni kama una ushahidi. Swali la pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwa nini watu wanauhitaji.

Makala haya yanachukua msimamo wa Kirshenblatt-Gimblett (1973), aliyeonyesha kwamba methali moja inaweza kubeba maana zinazotofautiana kabisa kwa kutegemea taswira inavyoeleweka, muktadha wa kuitamka na tathmini ya msemaji. Kwa msimamo huo, maana ya methali haihifadhiwi katika umbo la kwanza lililofichwa mahali fulani. Inapatikana katika matumizi yanayoweza kushuhudiwa.

2.0 Ushahidi wa Kihistoria

Wazo kwamba damu ya ukoo haishindwi na maji ni kongwe kuliko umbo la Kiingereza linalofahamika leo. Katika Reinhart Fuchs, utenzi wa Kijerumani wa mnamo mwaka 1180 unaosimulia visa vya mbweha, umo usemi wenye maana kwamba damu ya jamaa haiharibiwi na maji. Katika lahaja za Kiarabu, ambacho ni chimbuko la neno damu lenyewe katika Kiswahili, upo usemi unaojulikana sana kwamba damu haigeuki kuwa maji. Semi hizi mbili zinafanana kwa jambo moja la msingi: hazilinganishi viwango. Zinazungumzia kudumu. Damu inaweza kukutana na maji, kwa maana ya umbali, miaka au ugomvi, lakini ikabaki damu.

Umbo la ulinganishi linajitokeza wazi katika mapokeo ya Kiskoti. Limo katika mkusanyo wa methali za Kiskoti wa Allan Ramsay uliotolewa mwaka 1737, na linapata umaarufu wa kifasihi katika riwaya ya Walter Scott, Guy Mannering, ya mwaka 1815. Katika riwaya hiyo anayeitamka methali ni Dandie Dinmont, mkulima aliyekuwa na ujamaa wa mbali na bibi tajiri aliyefariki. Wosia wa marehemu unasomwa na mkulima hapati kitu, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akimpelekea jamaa yake huyo zawadi za vyakula vya shambani. Methali inatoka kinywani mwake kama tamko la kusamehe: hakunufaika na udugu huo, lakini hajutii alichotoa. Hapa damu inamwajibisha anayetoa. Haimpi anayedai hoja ya kudai.

Nusu karne haijatimia, methali hiyohiyo inatumika kwa namna nyingine kabisa. Mnamo Juni 1859 meli za Waingereza zilishambuliwa vikali zilipojaribu kupita kwenye ngome za Dagu, nchini China. Josiah Tattnall, afisa wa jeshi la majini la Marekani, ambayo katika vita hivyo haikuwa na upande, aliwasaidia Waingereza, na inasimuliwa kwamba alijitetea kwa methali hii. Damu aliyoikusudia haikuwa ya baba wala mama. Ilikuwa ya taifa na rangi. Waliokuwa maji, ingawa hawakutajwa, walikuwa Wachina.

Mifano hii miwili inatosha kuonyesha upana wa matumizi. Kwa Dinmont methali inamfunga msemaji mwenyewe, naye anafunika hasara yake kwa ukarimu. Kwa Tattnall inamfungua kutoka katika wajibu wake wa kutopendelea. Maneno ni yaleyale, lakini kitendo cha usemi kimegeuka. Katika mifano yote miwili, hata hivyo, damu ni ujamaa wa asili, uwe wa kweli au wa kudhaniwa. Hakuna palipo na dalili ya agano.

3.0 Madai ya Damu ya Agano

Wanaodai kwamba methali ilikatwa wanashindwa katika mambo mawili. Kwanza, hawatoi andiko lolote la kale lenye umbo refu wanalolitaja. Umbo hilo linaonekana katika maandishi ya mwishoni mwa karne ya 20 na baada ya hapo, na kila mwandishi analitaja kama jambo linalojulikana. Pili, madai hayo yanapingana na ushahidi ulioelezwa katika sehemu iliyotangulia, ambapo damu ni ya jamaa tangu mwanzo. Ni jambo la kawaida katika historia ya methali kwa watu kuongeza kipande cha pili ili kuigeuza maana. Kipande hicho kinapopewa umri mkubwa kuliko methali yenyewe, tunakuwa na etimolojia bandia.

Mara nyingi madai haya hutegemezwa kwa Henry Clay Trumbull, kasisi wa Marekani aliyechapisha kitabu kuhusu agano la damu mwaka 1885. Trumbull hakuandika wanachodai kuwa aliandika. Alichosema ni kwamba Waarabu huilinganisha damu na maziwa: wale waliofungamana kwa agano la damu huhesabiwa kuwa karibu zaidi kuliko wale walionyonya titi moja. Aliuweka usemi huo kando ya methali ya Kiingereza ili kuonyesha tofauti ya mapokeo mawili. Hakudai kwamba methali ya Kiingereza ilitokana na agano, wala hakutaja maji ya uzazi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kitabu cha Trumbull kina jambo jingine la kuzingatia. Sehemu ya ushahidi wake inatoka katika nchi alizopita Henry Morton Stanley, ukiwamo mkataba wa udugu kati ya Stanley na Mirambo, mtawala wa Urambo katika Unyamwezi, wa Aprili 1876. Katika masimulizi ya Stanley aliyeongoza tendo hilo ni Manwa Sera, mkuu wa watu wa msafara wake. Wawili hao walichanjwa miguuni, damu zikabadilishwa, kisha Manwa Sera akatamka laana juu ya yeyote kati yao atakayeuvunja udugu huo. Kwa hiyo habari iliyochukuliwa Unyamwezi na kuandikwa upya Marekani imerejea kwa wasomaji wa Kiswahili ikiwa imevaa vazi la maana iliyopotea ya methali ya Kizungu. Waliouza malighafi wananunua bidhaa iliyoharibika.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno la tendo hilo, tena neno lisilohitaji methali yoyote kulibeba. Kitenzi chanja kikiambishwa kauli ya kutendea na ya kutendana huzaa chanjiana, na ndugu wa kuchanjiana ni aina ya ndugu inayotambulika katika msamiati wa lugha hii. Umbo la kitenzi linaeleza kila kitu: kuna watendaji wawili, kila mmoja anamtendea mwenzake, na udugu ni matokeo ya tendo lao. Laana ya Manwa Sera nayo inaonyesha kwamba tendo hilo lina masharti. Udugu wa kuchanjiana unaweza kuvunjwa, na ndiyo maana unahitaji kulindwa.

4.0 Uzito wa Kivumishi -zito

Tafsiri ya methali katika Kiswahili inategemea kivumishi -zito. Neno "thick" la Kiingereza linahusu wingi wa kitu kwa upana wake, na kwa vimiminika linahusu ugumu wa kutiririka. Halihusu mizani ya kupimia ratili. Aidha, katika mazungumzo ya Kiingereza neno hilo hutumika kwa watu waliozoeana mno, wale ambao Kiswahili huwaita marafiki wa kushibana. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiingereza anaweza kuzisikia maana mbili kwa pamoja: damu haitiririki kirahisi kama maji, na ndugu ni watu walioambatana.

Kiswahili kinapotafsiri kwa -zito kinaipoteza maana ya pili na kupata nyingine. Kivumishi hiki kinahusu vimiminika, kama katika uji mzito na tui zito. Kinahusu pia kupima, kama katika mzigo mzito. Zaidi ya hayo kinahusu thamani na wajibu: neno zito, jambo zito, mtu mzito. Msikilizaji wa Kiswahili haoni tu kimiminika kinachotiririka polepole. Anasikia kwamba damu ni jambo lisilofanyiwa mzaha. Tafsiri imeongeza heshima ambayo methali ya Kiingereza haikuwa nayo kwa kiwango hicho. Labda hapa ndipo ilipo siri ya kukubalika kwake: methali imepata katika Kiswahili kivumishi kinachoifaa kuliko kile ilichozaliwa nacho.

Lakini -zito kina upande mwingine. Mtu mwenye mkono mzito ni mgumu wa kutoa. Mwenye ulimi mzito hasemi kwa wepesi. Mzigo mzito huelemea. Katika Kiswahili, basi, uzito wa damu unaweza kusikika kama sifa au kama lalamiko. Mifano ifuatayo imebuniwa ili kulidhihirisha hilo:

(1) Mwanao amekosa, lakini damu nzito kuliko maji, mfungulie mlango.
(2) Nafasi ile kampa mpwawe. Si unajua, damu nzito kuliko maji.
(3) Kila mwezi natuma na shukrani sioni. Nifanyeje? Damu nzito kuliko maji.

Katika (1) msemaji anasihi, na kauli inakaribia ile ya Dinmont. Katika (2) anashutumu kwa kejeli. Methali inafanya kazi ileile ya neno la mitaani undugunaizesheni, lililoundwa kwa kupachika tamati ya Kiingereza kwenye shina la Kiswahili ili kuukejeli upendeleo wa kindugu. Katika (3) anayesema anauhisi uzito huo mabegani. Maana hii ya tatu haipatikani kirahisi katika Kiingereza, kwa kuwa kitu kinachoitwa "thick" si lazima kiwe mzigo. Imezaliwa katika Kiswahili.

Upo pia ushahidi wa kimuundo. Umbo la kulinganisha kwa kuliko, bila kitenzi na bila mizani ya sauti, ni hafifu likiwekwa kando ya methali za Kiswahili zinazotegemea urari wa vipande viwili. "Haba na haba hujaza kibaba" na "Haraka haraka haina baraka" hushikika kwa sauti kabla ya maana. "Damu nzito kuliko maji" haishikiki kwa sauti. Inashikika kwa taswira peke yake, na taswira hiyo ina nusu isiyokamilika, yaani maji.

5.0 Maji ni Nani?

Katika methali ya Kiingereza maji ni kimiminika chepesi, kisicho na rangi, kinachoonyesha kukosekana kwa fungamano. Je, maji yana nafasi hiyo katika Kiswahili? Semi za lugha hii hazikubali moja kwa moja. Maji yaliyofika shingoni ni hatari. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo yanahusu tendo lisilorudishika. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo yanahusu kina na tahadhari. Maji kujaa na kupwa ni mabadiliko ya hali. Katika semi hizi zote hakuna hata moja ambapo maji yanamaanisha mtu baki. Aidha, mgeni hupokewa kwa maji, na kutopewa hata maji ya kunywa ni ishara ya kukataliwa. Kwa adabu hiyo maji huanzisha uhusiano.

Historia inatoa mfano wenye nguvu zaidi. Katika Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, maji ya dawa yaliyohusishwa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali ya kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo hawakuwa damu moja. Fungamano lao lilipitia maji. Ebrahim Hussein aliligeuza jambo hili kuwa kiini cha tamthilia yake Kinjeketile (1969), ambamo umoja unaoletwa na maji unakuwa wa kweli kuliko uwezo wa maji yenyewe kuzuia risasi. Msomaji aliyekulia katika kumbukumbu hiyo hawezi kuyaona maji kuwa alama ya utupu kwa sababu tu methali ya Kiskoti inayaona hivyo. Kwake maji yaliwahi kuwa agano.

Damu nayo, katika Kiswahili, haiko upande wa ukoo peke yake. Watu wawili wasio na nasaba yoyote wakipendana upesi husemwa kwamba damu zao zimepatana. Mtu anayechukiwa bila sababu husemwa kuwa ana damu ya kunguni. Damu hapa ni hulka na mvuto, na inavuka mipaka ya ukoo bila kuomba ruhusa. Ni kweli kwamba lugha inayo pia misemo ya ndugu wa damu na ya mzazi kumwita mtoto damu yangu. Makala haya hayadai kwamba Kiswahili hakiijui nasaba. Yanachodai ni kwamba mgawanyo wa damu kwa jamaa na maji kwa wasio jamaa haumo ndani ya lugha. Umeletwa na methali.

6.0 Udugu kama Tendo

Kiswahili kina methali yake inayosimama mahali pa ile ya Kiingereza: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe". Kwa mtazamo wa haraka ujumbe ni mmoja, yaani jamaa ndiye wa kutegemewa. Muundo wake, hata hivyo, ni tofauti kabisa. Hakuna dutu iliyotajwa. Kuna vitenzi vitatu: kula, kufa na kuzaliwa. Vyote vimefungwa kwa nawe, yaani pamoja na wewe. Methali haisemi kwamba mzaliwa nawe ana kitu ambacho wengine hawana. Inasema kwamba siku ya kifo yeye ndiye atakayekuwapo. Na kwa kuwa inasema juu ya tendo, inaweza kupimwa. Mzaliwa nawe asipotokea siku hiyo, methali inamhukumu.

Mtazamo huo unarudi katika methali nyingine. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" inampa mtu jina kwa alichokitenda. "Udugu wa nazi hukutania chunguni" inaukejeli udugu usiojulikana ila siku ya mapishi. Taksonomia ya ndugu katika lugha nayo imejaa vitenzi: ndugu wa kunyonya, ambaye sheria ya Kiislamu humzuia kuoana na nduguye kwa mujibu wa Sura ya 4, aya ya 23 ya Kurani; ndugu wa kuchanjiana; hata ndugu wa toka nitoke, ambaye ndiye wa nasaba kuliko wote, anatajwa kwa tendo la kutoka. Utani wa makabila nao unawapa watu wasio na nasaba wajibu wa msibani, siku ambayo wenye nasaba wamelemewa na majonzi.

Ndiyo maana neno ndugu liliweza kupanuliwa kisiasa bila kuvunjika. Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alianzia kwenye jamaa ya nyumbani na kuisukuma mipaka yake nje ya kabila, nje ya taifa, hadi kwa wanadamu wote. Mtu anaweza kuyahoji matokeo ya siasa hiyo. Lakini kwa upande wa lugha hoja haikuwa ya kulazimisha. Ilitumia uwezo ambao neno lilikuwa nao. Ulinganishwe upanuzi huo na ule wa Tattnall. Mmoja ulipanua udugu kwa kuongeza wajibu. Mwingine ulipanua damu ili kuchagua wa kumsaidia na wa kumpiga.

7.0 Mfano kutoka katika Fasihi

Kazi moja inatosha kuonyesha jinsi mizani hii inavyosaidia usomaji. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anasimulia habari za ndugu watatu wa baba mmoja. Adili anawakirimu ndugu zake, nao kwa wivu wanamtupa baharini. Anayemwokoa ni Huria, jini aliyewahi kuokolewa naye, ambaye anawageuza ndugu wale kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Adili anatii amri huku akilia, hadi Mfalme Rai anapoligundua jambo hilo na njia ya msamaha kutafutwa.

Mhakiki anayeishika methali ya Kiingereza mkononi atasema kwamba kisa hiki kinaithibitisha: machozi ya Adili ni ushahidi kwamba damu ni nzito. Anayeshika ufafanuzi wa agano atasema kinyume: Huria, asiye na nasaba, ndiye ndugu wa kweli. Wote wawili wanakosea kwa namna moja, kwa sababu wanatafuta dutu iliyo nzito zaidi. Mwandishi anapima matendo. Hasidi na Mwivu wanaitwa ndugu mwanzo hadi mwisho, lakini jina hilo linawashtaki hadi watakapotenda yanayolistahili. Huria anatenda kwa kulipa wema, si kwa kuchukua nafasi ya jamaa. Adili analia kwa sababu yeye hakuacha kutenda udugu, hata pale ambapo amri ilimlazimisha kuuficha chini ya mjeledi. Msamaha unawezekana kwa sababu udugu wa kutenda unaweza kuanzishwa upya. Udugu wa dutu usingehitaji msamaha, kwa kuwa usingeweza kuvunjika.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu una matokeo kwa makundi matatu. Kwa mfasiri, "Damu nzito kuliko maji" haipaswi kuwa jibu la pekee kila anapokutana na methali ya Kiingereza. Pale ambapo msemaji anasihi au anasamehe, inafaa. Pale ambapo suala ni nani atakuwapo siku ya shida, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" inabeba zaidi. Na pale ambapo damu inamaanisha rangi au taifa, kama kwa Tattnall, mfasiri anatakiwa aliweke hilo wazi badala ya kuliacha lijifiche nyuma ya ukarimu wa neno ndugu.

Kwa mwalimu na msimamizi wa tasnifu, madai ya damu ya agano ni fursa ya kufundisha kanuni ya msingi: umri wa usemi huthibitishwa kwa andiko, na mvuto wake si ushahidi. Mwanafunzi anayeandika kwamba methali ilikatwa aulizwe ilikatwa lini, na nani, na iko wapi ile nzima.

Kwa mhakiki, linabaki swali la kwa nini ufafanuzi usio na msingi umependwa kiasi hicho. Jibu linaelekea kuwa ni la kibinadamu. Wapo watu waliotupwa na jamaa zao wakaokotwa na wengine, na methali inayotukuza damu inawaumiza. Wanatafuta ruhusa ya kumwita ndugu yule aliyewatendea udugu, na wamedhani kwamba ruhusa hiyo imefichwa katika Kiingereza cha kale. Katika Kiswahili ruhusa hiyo haikuhitaji kufichwa. Imo katika vitenzi vya kila siku: kunyonya, kuchanjiana, kushibana, kufaana, kuzikana.